Mguu Ni wa Nani?

Yako maswali ambayo huonekana mepesi mpaka siku yanapobisha mlangoni. Swali la mguu ni wa nani ni moja katika hayo. Mtoto mdogo akiulizwa atacheka, kisha atajibu kwamba mguu ni wa mwenye mguu. Jibu lake ni la kweli. Lakini mpeleke mtoto huyo katika wodi ya hospitali, mbele ya kitanda cha mgonjwa ambaye mguu wake umeoza. Daktari amesimama upande mmoja, asema lazima mguu ukatwe. Jamaa wamesimama upande wa pili, wasema haukatwi. Mgonjwa mwenyewe amelala katikati, amenyamaza. Hapo mtoto hatacheka tena. Ataona kwamba mguu mmoja umepata wenyewe wengi, na kila mmoja ana neno lake. Katika insha hii nataka tulichunguze swali hilo kwa makini, tukiongozwa na mahali pamoja ambapo wengi wenu mnapajua, au angalau mmevaa nguo iliyotoka huko: soko la Gikomba, mashariki ya mji wa Nairobi.

Gikomba ni soko la watu waliosimama. Liko kando ya Mto Nairobi, karibu na Pumwani, Majengo na Kamukunji, na huanza kazi kabla jua halijachomoza. Wauzaji wa mitumba hufungua marobota na kuchagua nguo wakiwa wima. Wauza samaki husimama penye majimaji. Maseremala husimama katika vumbi la mbao. Wasukuma mikokoteni na wachukuzi hupenya vichochoroni na mizigo yao, wakipiga kelele watu wapishe njia. Kazi za kitini ni chache mno hapo. Mwenye duka kubwa la mjini akiumwa na mguu aweza kukaa nyuma ya meza, na mali yake ikauzika. Mchuuzi wa Gikomba akikaa chini, biashara yake hukaa chini pamoja naye. Hata viatu vinavyovaliwa hapo, vingi ni vile vile vinavyouzwa hapo, vilivyokwisha kuchukua umbo la miguu ya watu wengine katika nchi za mbali: hiki chabana kidole, kile chasugua kisigino.

Si mbali na Gikomba ni Kariokor, mahali palipopata jina lake kutokana na jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918. Waafrika wengi mno walitolewa makwao wakabebe vyakula na risasi za jeshi la Waingereza. Walikufa kwa maelfu mengi, na maradhi yaliwaua zaidi kuliko risasi. Katika barabara ya Kenyatta, katikati ya mji, ziko sanamu za ukumbusho wao, na maandishi yake yawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno ya heshima, lakini yafaa kufikiriwa. Yule aliyeitwa mguu wa jeshi, mguu wake mwenyewe ulikuwa wa nani? Alipoumia njiani, ni nani aliyeuuguza? Swali letu basi si geni katika mitaa hii. Tangu zamani mji umekuwa ukitumia miguu ya watu bila kuulizana ni nani atakayeitunza.

Sasa natuyaangalie maradhi yenyewe, maana hukumu isiyojua mambo ni sawa na mshale uliopigwa gizani. Yako maradhi mengi yawezayo kuuharibu mguu, lakini katika zama zetu kisukari ni moja la kuogopwa sana. Kisukari ni maradhi ya kudumu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, hudhuru mishipa ya damu na mishipa ya fahamu pia. Mishipa ya damu ikisongwa, mguu hukosa chakula chake. Mishipa ya fahamu ikifa, mguu hukosa kupeleka habari zake. Mtu hukanyaga msumari asijue. Kiatu humla kidole tangu asubuhi hadi jioni, naye hasikii kitu. Jeraha dogo huingia uchafu likawa kidonda, kidonda kikawa donda ndugu, na donda ndugu likafika mfupani. Matabibu wamekadiria kwamba katika kila miguu 100 ya wenye kisukari inayokatwa, karibu 85 hutanguliwa na kidonda. Maana yake ni kwamba kisu hakianzi safari yake hospitalini. Huanza siku ile mtu alipovaa kiatu kinachobana asijue kwamba chabana.

Alikuwako mpasuaji mmoja Mwingereza jina lake Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914, akarudi huko mwaka 1946 kufanya kazi Vellore, ambako aliwatibu wenye ukoma. Siku hizo wengi waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. Brand alichunguza, akaona sivyo. Ukoma uliua mishipa ya fahamu, na mtu asiyesikia maumivu alijiumiza kila siku bila kujua, mpaka vidole vikaisha. Baadaye alifanya kazi Marekani, na elimu hiyo ikawafaa wenye kisukari pia. Kutokana na kazi yake twajifunza jambo ambalo moyo hulikataa: maumivu, ambayo sote twayachukia, ni mlinzi wa mwili. Wenyeji wa Gikomba waweza kulielewa jambo hili upesi, kwa kuwa soko lao limeungua mara nyingi. Moto wa Juni mwaka 2018 uliua watu 15. Lakini moto una moshi. Watu huuona, hupiga kelele, hukimbia na ndoo za maji. Kidonda cha mguu uliokufa ganzi ni moto usio na moshi. Huunguza nyumba na mwenye nyumba amelala.

Hebu tumfikirie mwanamke mmoja auzaye viatu vya mitumba Gikomba. Sisimulii habari za mtu fulani. Nasimulia habari zinazoweza kuwapata wengi. Umri wake umepita miaka 50. Ana kisukari na shinikizo la damu, na figo zake zimeanza kuchoka. Wanawe wadogo wawili wasoma kwa fedha ya kibanda chake. Jioni moja avua soksi, aona ina damu. Kesho yake aenda zahanati, na muuguzi akiisha kukiosha kidonda amwambia: "Mama, dawa kubwa ya kidonda hiki ni kupumzisha mguu. Usiukanyagie kwa wiki 6."

Shauri hilo ni jema kabisa. Kidonda cha wayo hakiponi kikikanyagwa, hata kikipakwa dawa ya thamani gani, kama vile ukuta wa udongo usivyokauka ukiwa wanyeshewa. Lakini mama afanya hesabu zake njiani. Wiki 6 bila kibanda ni wiki 6 bila kodi ya nyumba, bila karo na bila unga. Tena kibanda kisichofunguliwa huenda kikapata mwenyewe mwingine. Siku ya pili yuko pale pale sokoni, mguu umefungwa kitambaa. Je, amechagua? Naam, amechagua. Je, alikuwa huru katika kuchagua kwake? Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo letu.

Baada ya miezi 2 aletwa hospitali kubwa, ana homa kali, na mguu wanuka. Mpasuaji aona njia kadha wa kadha mbele yake. Aweza kuondoa nyama iliyokufa na kukisafisha kidonda. Aweza, mahali penye vifaa na wataalamu, kuizibua mishipa ya damu iliyoziba. Aweza kukata kidole kimoja, au sehemu ya wayo, au mguu chini ya goti, au juu ya goti. Msomaji huenda akadhani kwamba kukata kidogo ndiyo huruma na kukata sana ndio ukatili. Mambo si mepesi hivyo. Akikata mahali ambapo damu haifiki vizuri, jeraha halitapona, na mgonjwa atarudi katika chumba cha upasuaji mara ya pili na ya tatu, kila mara akiwa dhaifu kuliko mara iliyotangulia. Akikata juu zaidi ya ilivyolazimu, amemnyang'anya goti. Na mtu aliyebakiwa na goti lake hutembea na mguu wa bandia kwa kutumia nguvu chache kuliko asiye nalo. Tena kwa mgonjwa ambaye moyo wake au figo zake zina dosari, upasuaji wenyewe una hatari. Huruma ya moyo peke yake haitoshi hapa. Yatakiwa huruma iliyosoma.

Kando ya kitanda wamefika jamaa. Shemeji yake aliyetoka mashambani asema: "Daktari, kwetu mtu hazikwi vipande vipande. Mpe dawa, nasi tutamrudisha nyumbani." Mwanawe mkubwa asema: "La, daktari, mkateni upesi. Nipe hiyo karatasi nitie sahihi." Mmoja amekataa, mwingine amekubali, lakini wote wawili wamefanya kosa moja. Wamesema juu ya mguu bila kumwuliza mwenye mguu, naye yu macho, na akili zake ni timamu.

Tuyapime madai haya kwa haki. Jamaa wana dai, wala si dogo. Wao ndio watakaomwinua na kumlaza, watakaouza mbuzi walipe hospitali, na watakaolia akifa. Mtu si kisiwa kisichofikiwa na mashua. Uhai wake umefungwa na uhai wa wengine. Kwa hiyo jamaa wana haki ya kujua akipenda wajue, na ya kushauri, na ya kuhuzunika. Lakini kusaidia kubeba mzigo si kuumiliki. Shemeji akisema haukatwi, si yeye atakayekufa kwa sumu ya kidonda. Kijana akisema ukatwe, si yeye atakayeamka usiku kuupapasa mguu ambao haupo.

Daktari naye ana dai, na dai lake ni la maarifa. Ameona vidonda vingi. Ajua ambayo jamaa hawayajui. Mtu mwenye busara haudharau ujuzi wa namna hiyo. Hata hivyo, nahodha aijua bahari kuliko abiria wote, lakini si yeye awachaguliaye bandari ya kwenda. Kazi yake ni kuwaambia ipi yafikika, ipi haifikiki, na wapi kuna mwamba. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imefuata njia hiyo. Yataka mgonjwa aelezwe hali yake na njia za kumtibu, kadiri iwezekanavyo kwa lugha anayoifahamu, wala asitibiwe bila ridhaa yake ila katika hali maalumu, kama vile pale asipoweza kusema na kukawia ni hatari. Sheria hiyo haikumvunjia daktari heshima. Imemkumbusha tu kwamba aliyelala kitandani ni mtu, si kidonda chenye mtu.

Basi tumerudi kwenye jibu la mtoto: mguu ni wa mwenye mguu. Lakini tumerudi tukiwa na mzigo ambao mtoto hakuwa nao. Maana ni jambo rahisi kumwambia mtu, "Chagua mwenyewe," kisha ukajitenga naye na kunawa mikono. Uhuru wa kuchagua hauwi uhuru wa kweli mpaka uwe na mambo matatu: ukweli, wakati na msaada.

La kwanza ni ukweli. Ziko namna mbili za kumnyima mgonjwa ukweli. Moja ni kumbembeleza: "Usijali mama, utapona tu." Nyingine ni kumtisha: "Usipokubali, shauri yako." Yule hudanganya kwa asali, huyu hudanganya kwa shubiri. Daktari mwema huketi, kwa sababu habari nzito haisemwi kwa mguu mmoja ndani na mmoja nje. Husema: "Mama, mguu huu hauwezi kupona tena. Tukiuacha, sumu ya kidonda yaweza kukuua, pengine katika siku chache. Tukiukata, lipo tumaini la kuishi, lakini kisukari kitabaki, na mguu wa pili utataka ulinzi kuliko zamani. Uliza neno lolote."

Ukweli huu ni wa lazima zaidi kwa sababu mtaani pana neno lisemwalo kwa kunong'ona, kwamba aliyekatwa mguu haishi. Tusilikejeli neno hilo, maana limetokana na mambo yaliyoonekana kwa macho. Uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wengi wa wenye kisukari waliokatwa mguu, pengine zaidi ya nusu, hufariki kabla ya miaka 5 kwisha. Lakini vijana, jifunzeni kutofautisha kitu kinachofuata kingine na kitu kinacholetwa na kingine. Jogoo huwika, kisha kukapambazuka. Wala si jogoo aletaye mapambazuko. Aghalabu kinachowaua watu hao ni moyo, figo na mishipa ya damu iliyokuwa imekwisha kuharibika kabla kisu hakijatolewa kabatini. Kukatwa mguu ni dalili kwamba maradhi yamefika mbali. Tena ipo duara mbaya hapo: watu huogopa kisu kwa sababu waliokatwa hufa, kwa kuogopa huchelewa, kwa kuchelewa hufika hospitali wakiwa taabani, kwa kuwa taabani hufa, na kifo chao kikawaongezea hofu waliobaki. Hofu yajilisha kwa matunda yake yenyewe. Duara hiyo haivunjwi kwa kuwacheka waoga. Yavunjwa kwa ukweli usemwao mapema.

La pili, basi, ni wakati. Mtu anayeulizwa siku ya mwisho kati ya mguu na uhai hakuulizwa swali. Amepewa amri iliyovaa nguo za swali. Swali lenyewe lilipaswa kuulizwa siku kidonda kilipokuwa sawa na punje ya mtama, au miaka kabla yake. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 88 katika kila 100 walikuwa hawajapimwa sukari ya damu hata mara moja maishani mwao. Mtu asiyejua kwamba ana kisukari ataulindaje mguu wake? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini atauzibaje ufa yule ambaye hakuonyeshwa kuwa nyumba yake ina ufa?

Wala si kweli kwamba nchi zisizo tajiri haziwezi kitu. Jirani zetu Tanzania walionyesha njia katika miaka ya 2000, kwa mradi ulioitwa Hatua kwa Hatua, ambao Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa mmoja wa viongozi wake. Katika mradi huo madaktari na wauguzi wa hospitali mbalimbali walifundishwa kazi ya kuiangalia miguu ya wenye kisukari: kuipima kama yasikia, kusafisha vidonda mapema, kuuondolea mguu uzito, na kumfundisha mgonjwa kujitazama kila siku. Hapakuwa na muujiza hapo. Palikuwa na macho yaliyofundishwa kutazama chini.

La tatu ni msaada, na hili ndilo zito kuliko yote. Turudi kwa mama yetu wa Gikomba. Daktari alipokwisha kumweleza, hakuuliza juu ya maumivu, wala hakuuliza juu ya kifo. Aliuliza: "Nitafungua kibanda tena?" Neno hilo lamfundisha daktari jambo ambalo huenda halikuandikwa katika daftari zake. Hospitali huhesabu kwamba upasuaji umefaulu jeraha likifunga na mgonjwa akaenda zake. Mgonjwa huhesabu kwa kipimo kingine: je, nimerudi mahali pangu kati ya watu? Na swali la mama, daktari hawezi kulijibu peke yake. Jibu lake liko sokoni.

Sisi watu wa Kenya twajisifu kwa harambee, neno lililofanywa wito wa taifa letu tangu uhuru wa mwaka 1963. Twachanga kweli, wala sisemi kwamba tu wachoyo. Mtu akifa, vyama vya akiba, kanisa, msikiti na watu wa kwao hukusanyika, na siku chache baadaye jeneza lasafirishwa hata mwisho wa nchi. Mtu akikatwa mguu, daftari ya mchango huzungushwa kibanda kwa kibanda ili alipiwe hospitali. Lakini ni nani aliyewahi kuzungusha daftari ili mtu akae kitako wiki 6 kidonda chake kipone? Twachangia jeneza, twachangia kisu, hatuchangii pumziko. Na hali pumziko ndilo la bei nafuu kuliko yote matatu! Wachuuzi 10 wa mstari mmoja, kama kila mmoja angemwuzia viatu vyake kwa zamu, na mwenye kibanda angevumilia kodi ya mwezi mmoja, mguu ule labda ungalikuwa mzima hata leo. Bima ya afya, hata ikilipa kitanda na dawa, haimlipi mchuuzi siku asizouza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya huduma za afya. Lakini hakuna kifungu kiwezacho kumshikia jirani kibanda. Pengo hilo lazibwa na utu peke yake.

Yako mapingamizi mawili ya kujibiwa. Wa kwanza atasema: "Amejitakia mwenyewe. Nani alimwambia ale vibaya, na nani alimkataza kupumzika?" Nitamjibu kwamba kiko kisukari kiwapatacho watoto wadogo wasio na kosa lolote, na kwamba kabla insulini haijapatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na kutumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa mwaka 1922, watoto hao walikuwa wakifa baada ya muda mfupi. Nani atawaambia walijitakia? Na hata mtu mzima aliyekosea katika chakula chake, huruma si mshahara wa wasiokosa. Lau ingekuwa hivyo, ni nani kati yetu angeistahili?

Wa pili atasema: "Ni majaliwa ya Mungu, lililoandikwa halifutiki." Nami siidharau imani yake, kwa maana imani imewashika wagonjwa wengi mkono pale ambapo dawa ilishindwa. Lakini Waislamu na Wakristo wanaoishi pamoja Pumwani na Majengo hufundishwa wote kwamba mwili ni amana. Mtu aliyepewa amana huilinda, hata kama ajua kwamba siku moja mwenyewe ataitaka. Asiyeilinda, kisha akasema ni majaliwa, amemsingizia Mungu uzembe wake. Na jirani aliyeona asisaidie, kisha akasema ni majaliwa, amefanya vibaya zaidi, maana amemsingizia Mungu uchoyo wake.

Je, mguu ukiisha kukatwa, mambo yamekwisha? La. Kisu hukata mguu; hakikati kisukari. Mgonjwa arudi nyumbani na maradhi yale yale, na mguu mmoja wa kubeba kazi ya miwili. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, na kwa hakika mguu wa bandia si mguu uliozaliwa nao. Lakini wahenga wakasema pia: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Nchini India, kuanzia miaka ya 1960, fundi Ram Chandra Sharma na mpasuaji P. K. Sethi walitengeneza Jaipur mguu wa bandia wa mpira na mbao, usio wa gharama kubwa, ambao mtu aweza kutembea nao bila kiatu, kuchutama, na kuingia nao shambani penye matope. Fundi alileta mikono yake, mpasuaji akaleta elimu yake, na wote wawili wakaanza kwa kuangalia jinsi watu wa kwao wanavyoishi. Hilo ndilo jibu la kweli kwa swali la mama: kibanda chaweza kufunguliwa tena, ikiwa kuna mguu wa kumfaa, na njia ya sokoni isiyo na mashimo, na jirani wa kumwinulia robota.

Kwa hiyo nasema hivi. Wakati wa kuamua, mguu ni wa mwenye mguu, wala mtu yeyote asimnyang'anye neno lake, awe jamaa au daktari. Lakini wakati wa kuulinda, mguu ni wetu sote. Hayo mawili hayapingani. Jamii iliyougawa mzigo wa kulinda ina haki ya kumwachia mtu uamuzi. Bali jamii iliyomwacha peke yake tangu siku ya damu katika soksi, kisha siku ya kisu ikamwambia, "Chagua mwenyewe, wewe u huru," imemdhihaki.

Ninyi vijana mnaosoma kurasa hizi si madaktari bado, na wengi wenu hamtakuwa madaktari. Lakini macho mnayo. Nyumbani kwenu huenda yuko bibi, au baba, au mjomba mwenye kisukari, ambaye macho yake yamepungua nguvu na mgongo wake hauinami tena hata auone wayo wake. Jioni lete beseni na kitambaa safi. Umwoshe miguu, uikaushe kati ya vidole, na uitazame chini na juu kama msomaji atazamavyo ukurasa. Ukiona alama nyekundu, au lengelenge, au tone la damu, usingoje aseme kwamba yauma, maana pengine haitauma kamwe. Sema wewe kwa niaba ya mguu uliopoteza sauti yake, kisha mwende pamoja kwa muuguzi asubuhi. Na ikiwa muuguzi atasema apumzike, muulizane nyumbani, siku ile ile, ni nani atakayeshika kibanda.